Usahihishaji wa ufifiaji wa mionzi katika picha za ubongo za PET na MRI

Kabla ya picha ya PET, inayoonyesha dawa yenye mionzi imekusanyika wapi mwilini, mgonjwa hudungwa dawa yenye mionzi, mara nyingi sukari iliyounganishwa na florini-18, nayo hukusanyika zaidi pale ambapo ubongo unatumia sukari nyingi. Kila atomu inayooza hutoa positroni, positroni hukutana na elektroni, na zote mbili hutoweka na kuacha fotoni (chembe za mionzi) mbili zenye nishati ya keV 511 kila moja, zinazokimbilia pande zinazopingana. Mashine huhesabu jozi hiyo ikiwa tu fotoni zote mbili zimefika kwenye vitambuzi karibu wakati uleule. Moja ikimezwa au kupotoshwa njiani na nyama au mfupa, jozi nzima imepotea. Upotevu huo ndio ufifiaji, na hesabu ya kuufidia ndiyo huitwa usahihishaji wake.

Kwa bahati nzuri, fotoni hizo mbili kwa pamoja hupita unene wote wa kichwa juu ya mstari mmoja, hivyo uwezekano wa jozi kufika salama hautegemei atomu ilioza sehemu gani ya mstari, bali hutegemea tu vitu vilivyomo ndani yake. Maji hufifisha mionzi hii kwa kiwango cha takriban 0.096 kwa kila sentimita. Katika sentimita 20 za tishu laini, basi, husalimika jozi kama 15 tu kati ya 100, na idadi iliyosomwa hulazimika kuzidishwa karibu mara 7. Hesabu hiyo isipofanywa, katikati ya ubongo huonekana pamefifia kuliko pembezoni hata kama dawa imesambaa sawasawa.

Kinachohitajika, kwa hiyo, ni ramani ya kichwa inayoonyesha kila sehemu inafifisha kiasi gani. Mashine inayounganisha PET na CT, yaani picha za eksirei za vipande vya mwili, huipata bila shida kubwa, kwa kuwa CT yenyewe hupima jinsi eksirei inavyofifia mwilini. Katika mashine inayounganisha PET na MRI, shida ni kwamba MRI, inayotumia sumaku na mawimbi ya redio, haipimi jambo hilo hata kidogo. Husikiliza ishara za protoni za hidrojeni zilizomo katika maji na mafuta. Mfupa mgumu wa fuvu una ishara haba, tena huzimika haraka mno, ndiyo maana katika picha ya kawaida ya MRI fuvu huwa jeusi. Hewa iliyomo kwenye sainasi, yaani matundu ya ndani ya mifupa ya uso, nayo ni nyeusi. Vitu viwili visivyotofautishika kwa macho, kumbe kimoja kinafifisha mionzi kuliko tishu nyingine yoyote ya kichwani na kingine karibu hakiizuii kabisa!

Njia za mwanzo zilitenganisha maji na mafuta, kisha zikauhesabu mfupa kama nyama laini. Kosa lake si dogo. Tukichukua kiwango cha ufifiaji cha mfupa kuwa 0.15 kwa kila sentimita, kila sentimita 1 ya mfupa iliyohesabiwa hivyo hupunguza thamani ya mstari wake kwa takriban asilimia 5, na mistari inayopita kandokando ya fuvu husafiri ndani ya mfupa kwa urefu zaidi. Gamba la ubongo, lililo jirani na fuvu, ndilo huumia kuliko sehemu za katikati.

Siku hizi zipo picha maalumu za MRI zinazoanza kusoma ishara mapema kabisa, kabla ile ya mfupa haijazimika. Njia nyingine hukisia picha ya CT kutokana na MRI, ama kwa kulinganisha na vichwa vya watu wengine ama kwa akili bandia, na kwa vichwa vya kawaida hufanya kazi vizuri sana. Mashaka huanza kwa mgonjwa aliyeondolewa kipande cha fuvu katika upasuaji, kwa sababu programu huweza kumrudishia mfupa ambao hanao.

Athari huonekana wazi katika vipimo vya amiloidi, protini inayojikusanya ubongoni, kwa wanaochunguzwa ugonjwa wa Alzheimer, ambavyo hugawanya thamani ya gamba la ubongo kwa ile ya serebela, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Vijishimo vya hewa ndani ya mfupa wa nyuma ya sikio vikihesabiwa kuwa mfupa mtupu, serebela husomeka juu kupita kiasi, uwiano wa ubongo wote hushuka, na picha bado hupendeza. Ndiyo maana msomaji makini huifungua kwanza ramani ya ufifiaji, akakagua eneo hilo la nyuma ya sikio, kabla ya kuitazama picha ya PET.