Wakala aliyesajiliwa wa kampuni: anaachaje kazi?

Juzi kijana mmoja hapa Kisasa kaniletea simu nimsomee imeli, imekaa kwenye spamu wiki nzima, inasema wakala aliyesajiliwa wa kampuni yake ya Delaware, jimbo la Marekani, anajiuzulu, akaniuliza "kwani hii inanihusu mzee?" Inakuhusu tena sana.

Wakala aliyesajiliwa ni mtu au ofisi ambayo kampuni imeiandikisha serikalini kwamba kesi ikija, samansi ziachwe pale. Ndo kazi yake kubwa. Sio bosi, sio mwenye hisa, wala usimfananishe na wakala wa M-Pesa au wale wa mabasi pale Nane Nane, neno wakala kwetu limebeba mizigo mingi. Marekani karibu kila jimbo unapoandikisha kampuni lazima uwe naye, na awe na anwani ya mtaa humo humo jimboni, sanduku la posta peke yake halitoshi.

Sasa kwenye kuacha ndo watu wanachanganya. Kampuni ikitaka kumbadilisha ni kitu chepesi tu, inapeleka fomu yenye jina jipya, imeisha hiyo. Ila wakala akichoka mwenyewe, na mara nyingi kinachomchosha ni wewe kutolipa ada ya mwaka, hawezi kuzima simu akapotea. Akipotea hivyo, kwenye daftari la serikali bado ni wakala wako, samansi ikiachwa kwake inahesabika umeipata, unakuja kushtuka hukumu imetoka ya upande mmoja na wewe uko zako Dodoma unakula mishkaki.

Delaware, ambako vijana wengi wa mtandaoni wanakimbilia kufungua kampuni, wakala anayeondoka bila kuweka mbadala lazima akutaarifu siku 30 kabla ya kupeleka hati ya kujiuzulu, na akishaipeleka zinahesabiwa 30 nyingine ndo anatoka kweli. Kwa hiyo una kama siku 60 za kutafuta mtu, sio haba, ila ukisoma imeli wiki ya tisa shauri yako. Yapo majimbo ambayo anapeleka tu karatasi serikalini na siku ya 31 kamaliza.

Siku zikiisha hujaweka mwingine, Delaware inaifuta kampuni. Na usidhani hapo aliyekushtaki kakosa mlango wa kugonga, samansi zinapelekwa kwa Katibu wa Jimbo, ofisi ya serikali inayoandikisha kampuni, na kesi inaendelea.

Huku kwetu kampuni ya Kitanzania haina mtu wa hivi, ina ofisi iliyosajiliwa. Anayefanana naye yuko kwenye kampuni ya nje iliyofungua tawi hapa, hiyo ndani ya siku 30 inatakiwa iwape BRELA, wasajili wa kampuni, jina na anwani ya mtu anayeishi nchini wa kuipokelea samansi, na akiondoka ni kampuni yenyewe inayopaswa kupeleka mabadiliko.

Yule kijana siku bado anazo, nimemwambia aanze na kulipa deni la ada ya wakala.