Ubani hauyeyuki wote majini, na hiyo si dalili ya uchakachuaji

Haipiti wiki bila mteja kurudisha ubani kwa hoja ileile: kauloweka usiku kucha, asubuhi kakuta vipande vimetuama chini ya glasi, basi ubani ni feki. Hapana. Kipimo ndicho kibovu.

Ubani una gundi, ulimbo na mafuta yenye harufu. Gundi huyeyuka majini. Ulimbo hauyeyuki hata uuloweke mwezi mzima, unataka spiriti au mafuta. Katika ubani wa Dhofar, Oman, na ule wa Somalia uitwao beyo, gundi ni kama robo tu, na ulimbo unapita nusu. Sasa chukua gramu 5, yaani vipande kumi hivi vya ukubwa wa harage, utie kwenye mililita 200 za maji ya uvuguvugu, ufunike hadi asubuhi. Maji yatakuwa meupe kama tui la pili, na chini vitabaki vipande vyeupe, laini, vinavyobonyea ukivifinya. Hivyo ndivyo ubani mzuri unavyotakiwa kuwa!

Cha kushuku ni kile kinachoyeyuka chote. Hiyo ni gundi ya migunga: maji yanakuwa mazito, yanateleza vidoleni, na harufu hakuna. Lakini hata maji yakibaki maangavu usikimbilie kuhukumu. Meidi, aina ya ubani unaotoka kwenye mti wa Boswellia frereana wa kaskazini mwa Somalia, karibu hauna gundi kabisa, kwa hiyo hautii maji weupe, nao ni ubani wa bei kubwa. Kipimo kinachoweza kumkataa meidi na kuacha maswali juu ya beyo hakifai kumwita muuzaji mwizi.

Tumia meno na moto. Tia punje moja mdomoni, itafune taratibu. Ubani kwanza unamumunyika na una uchungu kidogo, kisha kama dakika moja baadaye unashikana na kuwa mweupe, unatafunika kama bazoka. Gundi ya migunga inaishia mdomoni. Ulimbo wa misindano, yaani mabaki ya utomvu wake baada ya kutolewa tapentaini, ambao ndio huchanganywa sana na ubani, unapasuka kama kioo, unang'ang'ania meno na una ladha ya msindano. Kwenye kaa, punje ya ubani inatoa mapovu, moshi mweupe, na inaacha kipande cheusi kikavu, ambacho ni gundi iliyoungua. Ulimbo wa misindano unatiririka, unadaka moto upesi na kutoa moshi mweusi wa masizi.

Wengine wanasema ubani wao "unanuka kuungua". Naam, umeungua, kwa sababu kaa lilikuwa kali mno. Kaa linalojiwasha la dukani lina kemikali ya kuwashia. Liache hadi lifunikwe na majivu meupe kote, la sivyo unafukiza kemikali. Bora zaidi tumia kaa la kifuu cha nazi. Likishatulia kwenye chetezo, nyunyiza majivu yaliyochekechwa, nusu kijiko cha chai, ndipo uweke ubani juu ya majivu, punje ya ukubwa wa choroko, si bonge. Harufu ya limau na ya mti mbichi hutangulia na hudumu. Ubani ukiwekwa moja kwa moja kwenye kaa jekundu, mafuta yanaruka kwa sekunde chache, na kinachobaki ni moshi wa kuunguza koo. Udi uliopikwa kwa sukari unahitaji majivu mengi zaidi, maana sukari huungua haraka.

Eti moshi wa ubani unasafisha kifua cha mwenye pumu. Moshi ni moshi, unambana. Na kaa linalowaka katika chumba kilichofungwa, mzazi na kichanga ndani, linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Fukiza nguo na chumba wakiwa nje, fungua madirisha, kisha warudi.

Eti mafuta ya ubani yana kila kilichomo kwenye ubani. Asidi za boswelia, zilizomo kwenye ulimbo wa ubani na zinazotajwa kwenye maumivu ya viungo, ni nzito mno kupanda na mvuke unaotoa mafuta hayo, hivyo zinabaki kwenye chungu cha kukenekea. Majini nazo huingia kidogo tu.

Eti manemane ni salama kwa kila mwanamke. Kwa mjamzito, hapana. Inaweza kuubana mfuko wa uzazi.

Eti udi ni utomvu unaogemwa kama ubani. Ni ubao wa mti wa Aquilaria wa Asia, uliojaa ulimbo baada ya kujeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Mti mzima usio na maradhi hautoi udi.

Na sandarusi si kaharabu, ule ulimbo wa kale uliogeuka kama jiwe, ingawa zote huchimbwa ardhini. Sandarusi yetu inatoka kwenye msandarusi wa pwani, na karne ya 19 ilisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda Marekani na Ulaya kutengenezea vanishi. Anayeuziwa shanga za "kaharabu" adondoshee tone la asetoni mahali pasipoonekana, asubiri nusu dakika, abonyeze kwa kidole. Kaharabu haibadiliki. Sandarusi inanata.