“OK” ya Kijani Haithibitishi Kwamba Huduma Inafanya Kazi

Dhana inayonichosha kuliko zote, ambayo wateja huniletea pamoja na picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, ni kwamba huduma (programu inayoendeshwa chinichini) ikishaandikiwa “OK” wakati Linux inawaka, basi huduma hiyo ni nzima na kosa litafutwe kwenye mtandao. Ukweli ni kwamba uzito wa “OK” hutegemea mstari wa Type= katika faili la huduma. Kwa Type=simple, ambayo ndiyo systemd, programu inayoanzisha huduma Linux inapowaka, huifuata usipoandika aina yoyote kwenye huduma ya kawaida yenye ExecStart= (mstari unaotaja programu ya kuendeshwa), “Started”, neno linaloandamana na “OK” hiyo, hutangazwa mara tu mchakato mpya unapozaliwa, hata kabla programu yenyewe haijaanza kutekelezwa. Unaweza basi kuwa umekosea njia ya kuifikia programu, au umetaja mtumiaji asiyekuwepo, ukapata kijani chako vilevile, na huduma ikafa papo hapo. Type=exec husubiri angalau programu ianze kutekelezwa, ilhali Type=notify husubiri programu yenyewe itume READY=1, kuthibitisha kwamba iko tayari kuhudumia. Nitalirudia hili hata kwa wasiotaka kulisikia: ikiwa programu yenu inaweza kutuma taarifa hiyo, tumieni notify. Na kabla ya kunipigia simu, endesheni systemctl status na jina la huduma kuona hali yake, kisha journalctl -b -u na jina hilo kuona kumbukumbu zake tangu mashine iwake, msome mistari ya mwisho badala ya kutazama rangi.

Wapo pia wanaofuta mfumo mzima na kuuweka upya kwa sababu ya “FAILED” moja nyekundu. Mara nyingi mashine huendelea kuwaka bila huduma hiyo, na systemctl --failed hukutajia ni ipi. Mstari wa “Dependency failed” nao haumtaji mkosaji. Unataja aliyezuiwa, kwa hiyo chanzo kitafutwe katika mistari iliyoutangulia.

Ujumbe wa “A start job is running” huwafanya wengine wazime umeme wakidhani mashine imeganda, ingawa kihesabu kinaonekana kikielekea kwenye kikomo cha kawaida cha sekunde 90. Jambo la kwanza ninalokagua hapo ni /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kuunganishwa mashine inapowaka, kwa kuwa diski iliyoondolewa huku mstari wake ukibaki husubiriwa hadi muda uishe, na pasipo neno nofail kwenye mstari huo, linaloruhusu mashine iendelee hata diski ikikosekana, mashine huishia katika hali ya dharura.

Kuhusu systemd-analyze blame, amri inayopanga huduma kwa muda ambao kila moja ilichukua kuanza, huduma inayoongoza orodha si lazima iwe ndiyo iliyochelewesha mashine, maana huduma nyingi huanzishwa kwa wakati mmoja. Mfuatano uliosubiriwa kwa kweli huonyeshwa na systemd-analyze critical-chain, amri ambayo wanaolalamikia kasi ya kuwaka huwa hawajaijaribu.