Ethnografia si kazi ya kulainisha watu

Ninafanya ethnografia, yaani utafiti wa kukaa na watu na kutazama wanavyoishi. Wateja wangu, yaani mashirika yenye miradi, karibu wote huniletea ombi lilelile: "Kakae na wanajamii, kisha utuambie tufanyeje ili waukubali mradi." Wakati huo mradi umeshapitishwa makao makuu, bajeti imegawanywa na tarehe ya uzinduzi imepangwa. Mtafiti anatakiwa kuwabembeleza watu tu.

Hapana. Ethnografia huchunguza pande zote mbili, jamii na shirika, na mara nyingi anayepaswa kubadilika ni shirika. Tazama mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016. Timu za mazishi zilichukua maiti na kuzika haraka ili kuzuia maambukizi, ndugu wakiwekwa kando. Familia zikaanza kuficha wagonjwa na kuzika kwa siri, wakaitwa wakaidi na wajinga. Wanaanthropolojia, watafiti wa jamii na mila zake, waliowasikiliza wafiwa walieleza jambo lililo wazi: kumzika mtu wako inavyostahili ni wajibu, na hofu haiufuti. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatangaza utaratibu wa mazishi salama na yenye heshima: familia na viongozi wa dini washirikishwe kuyapanga, na maiti wa Kiislamu atayamamishwe (atawadhishwe bila maji) na kuvikwa sanda. Virusi walikuwa walewale. Lililorekebishwa ni shirika. Ndiyo maana nami huomba kuhudhuria vikao vya mteja mwenyewe na kusoma fomu zake. Anayekataa, simfanyii kazi.

Wateja hunijibu: "Hojaji ya siku mbili inatosha." Hojaji hujibu maswali uliyokwisha kuyafikiria. Tunakaa na watu ili tuyaone yale ambayo hatukujua kuyauliza, na tuone yanayosemwa yanavyopishana na yanayotendwa.

"Watu thelathini si ushahidi." Kama unataka kujua ni wangapi, fanya sensa. Kama unataka kujua kwa nini, hao thelathini ni wengi.

"Mwenyekiti amesaini, jamii imeridhia." Muulize mwenyekiti ni nani hawakuitwa kikaoni: wapangaji, wajane, vijana, wafugaji wanaopita kwa msimu. Tena, Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la 2007 linataka ridhaa iwe huru, itangulie uamuzi, na itolewe na watu wenye taarifa kamili. Saini ya baada ya bajeti haijatangulia chochote.

Na andikeni kwenye mkataba, kabla mtafiti hajasafiri, kwamba wanajamii watasomewa matokeo kwa lugha yao na kuyasahihisha kwanza, ndipo ripoti iende makao makuu.