Hospitali janja haipimwi kwa skrini

Dhana: Hospitali janja ni jengo la vioo, viyoyozi kila chumba, skrini kila ukuta.

Ukweli: Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa 2011, na ujanja wake mwingi umo ukutani na darini. Wasanifu wa MASS Design Group waliichora wakihofia TB. Miaka michache nyuma, Tugela Ferry, Afrika Kusini, TB sugu kupindukia ilikutwa kwa wagonjwa 53, wakafariki 52, na dalili zilionyesha kuwa watu walikuwa wakiambukizana hospitalini humohumo. Ndiyo maana Butaro hakuna kusongamana kwenye korido za ndani. Watu hupita barazani, kwenye hewa. Dari ziko juu, madirisha ni mapana, na feni kubwa za mwendo wa taratibu hupandisha hewa hadi kwenye taa za miale ya urujuanimno (UV) zinazoua vijidudu. Vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati, hivyo mgonjwa hatazamani na mwenzake anayekohoa, anatazama dirisha na milima.

Vipimo vilivyofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa 2007 vilionyesha kuwa milango na madirisha yakifunguliwa, hewa ya chumba hubadilika takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vinavyoingiziwa hewa kwa mashine hulenga mara 12. Na majengo ya zaidi ya miaka 50 yaliyashinda mapya! Sisi huku tunaziba madirisha ya wodi za zamani ili tufunge kiyoyozi cha ukutani, ambacho kwa kawaida huzungusha hewa ileile.

Dhana: Mashine zikilia sana, mgonjwa yuko salama zaidi.

Ukweli: Kitanda cha kwanza kibanio cha kupimia oksijeni kimechomoka kidoleni, mashine inalia. Cha pili elektrodi, kile kibandiko cha kupimia mapigo ya moyo, imekauka kifuani, inalia. Cha tatu mgonjwa anazidiwa kweli, nayo inalia vilevile. Mwaka 2013 Joint Commission, shirika la Marekani linalokagua ubora wa hospitali, ilionya kwamba milio kati ya 85 na 99 katika kila 100 haihitaji hatua yoyote ya tiba, ikataja vifo 80 vilivyohusishwa na ving'ora ndani ya miaka mitatu na nusu. Nesi huzoea kelele, au anazishusha sauti, na simlaumu. Dawa yake ni ya kawaida tu: viwango vya mlio vipangwe kwa hali ya kila mgonjwa, elektrodi zibadilishwe kila siku.

Dhana: Kompyuta humaliza makosa ya dawa.

Ukweli: Hupunguza mengine na kuzaa mengine. Boston, Marekani, kukagua dawa na mgonjwa kwa msimbopau (ile mistari ya kuskani) kabla ya kumpa kulipunguza makosa ya utoaji kwa takriban asilimia 41. Lakini utafiti wa 2005 katika hospitali moja ya chuo kikuu Marekani ulikuta mfumo wa kuandikia dawa ukifungua njia 22 za kukosea, mojawapo ikiwa kubofya jina la mgonjwa mwingine kwenye orodha ya herufi ndogo. Fikiria wodi yenye Juma Hamisi na Hamisi Juma.

Dhana: Mfumo ukikamilika, karatasi zitupwe.

Ukweli: Mei 2017 kirusi WannaCry kilizifungia hospitali nyingi za Uingereza kompyuta zao, miadi na upasuaji vikaahirishwa, wahudumu wakarudia kalamu. Kwetu wala mdukuzi hahitajiki, dizeli ya jenereta ikiisha inatosha. Anayekuuzia mfumo muulize: fomu za dharura zinakaa kabati gani, na nesi wa zamu ya usiku anao ufunguo?