Kabla ya kuziba baraza la duka la zamani Lubumbashi

Katikati ya Lubumbashi bado yapo maduka ya zamani yenye baraza upande wa barabara: paa dogo limetokeza mbele, nguzo za chuma au za matofali zinalibeba, na wapita njia wanajisitiri chini yake mvua ikinyesha. Lakini mengi yanazibwa. Mwenye nyumba anajenga ukuta kati ya nguzo na nguzo ili apate chumba cha kumpangisha muuza simu au mbadilisha pesa. Misimu michache ya mvua ikishapita, anatuita sisi tunaoshughulika na majengo ya zamani atuulize mbona ukuta wa ndani unabambuka.

Kuelewa kinachotokea, lazima ujue ukuta huo ulijengwa kwa kitu gani. Mji ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, na mwaka 1911 tanuru likaanza kuyeyusha shaba. Wagiriki, Waitalia, Wareno na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes ni miongoni mwa waliofungua maduka. Mabati yaliletwa na treni. Matofali hayakuwa na safari: Katanga imejaa vichuguu vikubwa, na udongo wa mchwa, laini na wenye kushikana, ulifyatuliwa na kuchomwa papo hapo. Mimi huwaambia vijana wetu walitazame tofali hilo kwa heshima, maana ni ardhi yetu yenyewe iliyosimamishwa ikawa mji.

Tofali la kichuguu hubeba mzigo vizuri, ila linafyonza maji. Ndipo baraza linapofanya kazi. Linazuia mvua ya upepo isiupige ukuta, na linaweka kivuli. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11.7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari. Mwezi Juni jua la mchana linatokea kaskazini, Desemba kusini. Hakuna upande wa barabara unaookoka mwaka mzima bila kivuli. Ukuta uliolowa kidogo chini ya baraza unakauka taratibu kwa hewa inayopita. Ukishazibwa, hewa imekatika, na unyevu unabaki humo.

Sasa inua macho. Juu kabisa, ukuta wa mbele unapanda kupita paa kubwa. Ulijengwa hivyo ili duka la mabati lionekane refu, na jina la mwenye mali lipate mahali pa kuandikwa. Nyuma yake, mahali usipopaona ukiwa barabarani, kuna mfereji wa bati unaopokea maji ya mteremko wa mbele. Nikiitwa, naanzia hapo. Majani ya miembe na vumbi la kiangazi vinauziba, na mvua kubwa za kwanza zinamwaga maji ndani ya ukuta. Ingia dukani utazame pale dari inapokutana na ukuta huo. Ukiona doa la kahawia lenye kingo nyingi, moja ndani ya nyingine, maji yamepita hapo mara kwa mara. Kwaruza lipu kwa ukucha chini ya doa. Ukitoka unga mwekundu, tofali limeanza kuliwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili shaba ilileta fedha na zege likashamiri: mabaraza bapa yasiyo na nguzo, kona za mviringo, matundu ya kupitisha hewa. Jumba la maonyesho alilochora msanifu majengo Claude Strebelle, leo Jengo la 30 Juni, ni la miaka hiyo ya 1950. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba biashara za wageni zikabidhiwe Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo. Maduka yakabadilisha mikono. Uporaji wa 1991 ukavunja mengine.

Dawa inayotolewa haraka ni kupiga lipu ya simenti. Tafadhali, usikubali. Simenti ni ngumu kuliko tofali hilo na haipitishi unyevu. Maji yanakwama nyuma yake, na siku lipu inapoanguka inang'oka pamoja na uso wa tofali. Tumia chokaa na mchanga. Chokaa inatoka hapahapa kwetu, kwenye mawe ya Kakontwe karibu na Likasi. Lakini kwanza zibua mfereji kabla ya mvua, kisha acha ukuta ukauke kiangazi kizima.

Amri-sheria namba 71-016 ya 15 Machi 1971 inahusu ulinzi wa mali za utamaduni, lakini duka la kawaida linaokolewa kwanza na mwenyewe. Kama unahitaji chumba cha kupangisha, kijenge uani, kwenye stoo za zamani, na baraza uliache wazi. Na kama nyumbani kuna picha ya duka hilo, au faktura ya zamani yenye jina na anwani yake, ituonyeshe: kutokana nayo tunaweza kujua nguzo zilikuwa ngapi na mfereji ulikuwa ukitoa maji upande gani.