Bundi juu ya bati hajaleta kifo

Hapa Moshi bundi akilia usiku juu ya bati basi watu wanaanza kuulizana nani anaumwa, na kesho yake kuna kijana keshatafuta manati. Jamani, huyo ndege kafuata panya. Tunaweka mahindi stoo, panya wanajaa darini, na yeye anakuja kula. Juzi msitu wa Rau niliokota chini ya mti kidonge cha kijivu kama pamba iliyoshikana, nikakivunja, ndani manyoya na vifupa vya panya, hadi taya na meno yake, sababu bundi humeza mzima halafu anatapika asichoweza kusaga.

Ile ya kwamba alilia siku babu alipofariki, sawa alilia kweli, ila nyumba yenye mgonjwa watu wanakesha na taa inawaka, wadudu wanafuata taa, na bundi wengine wanakula wadudu, siku zingine mmelala hamumsikii tu. Analia kuitana na mwenzake ama kumuonya mwingine asiingie eneo lake. Naombeni msimpige mawe, mkimmaliza mtabaki na sumu ya panya, na kuku na watoto wako hapohapo uani.